Vumbi la Stoo ya Ngano

Harufu ya stoo ile naijua hata nikifumba macho: ngano kavu, magunia ya katani, na ukali wa kinyesi cha njiwa uliokwaruza koo kabla hujavuka mlango. Ilikuwa kwenye shamba la ngano la serikali, upande wa Hanang, ambako baba aliendesha trekta. Njiwa walilala juu kwenye kenchi, na chini yao kinyesi kilirundikana msimu baada ya msimu hadi kikawa unga wa kijivu. Mtunza stoo, mgeni kutoka mkoa mwingine ambaye sote tulimwita Bwana Stoo, hakuruhusu wafukuzwe. Kila Jumapili alikunywa supu yao.

Kabla ya mavuno stoo ilifagiliwa, na mwaka ule, nikiwa darasa la nne, mama alikuwa mmoja wa wanawake watano waliopangwa. Alikuwa ametoka kujifungua na mwili wake ulikuwa bado haujarudi. Nilisimama mlangoni na mdogo wangu mgongoni, nikasikia yote.

"Tunyunyize maji kwanza," mama alisema. "Vumbi hili si la kuvuta."

"Sakafu ikilowa, ngano itachipua humuhumu. Utajibu wewe wilayani?" Bwana Stoo alisema. "Kinyesi kikishakauka kimekufa. Au nyie watu wa Dongobesh mnaogopa ndege?"

Wanawake walicheka, maana mama alitoka Dongobesh na utani huo alishauzoea. Alijifunga kanga puani, akafagia siku tatu. Vumbi lilisimama ndani kama moshi wa kuni mbichi, na jioni alirudi na kope za kijivu.

Wiki kadhaa baadaye kichwa kilianza kumuuma. Zahanati ilimpa dawa ya malaria. Kisha shingo ikakakamaa, akawa hataki hata mwanga wa dirishani. Hospitalini walimpima maji ya uti wa mgongo, na daktari akamweleza baba, mimi nikiwa pembeni: ni vimelea vya jamii ya ukungu, vinaishi kwenye kinyesi cha njiwa. Kikikaa pakavu pasipo jua, vimelea havifi. Huvumilia mwaka, hata zaidi, mpaka mtu atimue vumbi na kulivuta. Dawa yake haikuwepo. Mama alifariki kabla ngano haijaisha kuvunwa.

Bwana Stoo alikuja msibani. Watoto tulipanga mstari kumwamkia, kila mmoja akiweka mkono kichwani na kusema shikamoo, na zamu yangu ilipofika nilimtazama machoni, nikafunga mdomo. Kwetu, mtoto asiyemwamkia mkubwa ni kama amemtemea mate.

"Paska, mwamkie mzee," shangazi alinong'ona.

"Akaamkiwe na mama."

Baba alinichapa. Mwalimu naye alinichapa. Kwa miaka mitatu nilipishana na mtu yule kila asubuhi, mkono kichwani sikuweka, shikamoo sikutoa, mpaka akawa yeye ndiye anayebadili njia.

Shamba lile halipo tena. Mimi sasa ni afisa afya, na majuzi niliitwa kukagua stoo ileile, kijiji kikitaka kuigeuza darasa la chekechea. Njiwa bado wamo. Bwana Stoo, ambaye alioa na kubaki hapahapa, alikuwa mlangoni akiwagawia akina mama vijana mafagio makavu. Alinitambua. Akajiweka sawa, akingoja.

"Wekeni mafagio chini, tokeni nje," niliwaambia akina mama. Kisha nikamgeukia. "Wewe, lete maji."

"Vijana wapo, mwanangu."

"Wewe."

Alichukua ndoo. Bomba lilikuwa mbali, bondeni. Nilikaa juu ya jiwe, nikamwangalia akipanda na kushuka, maji yakimmwagikia miguuni, mpaka unga wote wa kijivu ukawa tope. Ilichukua mchana mzima, na sikumharakisha. Alipotua ndoo ya mwisho alisimama tena mbele yangu, akihema, akingoja kile alichokikosa tangu msibani.

Nilifunga daftari, nikawagawia akina mama barakoa, nikapita pembeni yake.