Kibali cha Adey

Nakumbuka asubuhi moja, mwanangu, na kila nikiikumbuka chai hunipoa mkononi. Dada yangu Adey alikuwa ameketi mlangoni pa kibanda chetu, amejitanda shuka hadi kwenye paji la uso, nami nimesimama mbele yake na kibali cha serikali, karatasi iliyokunjwa mara nne. Kibali kile kilikuwa chake, cha kumpeleka hospitali Garissa. Mimi nilitaka kukitumia kwenda Balambala kumfuata ngamia.

Usinihukumu upesi. Kaa nikueleze, na usiniharakishe, maana mzee wa umri wangu ukimharakisha anarudi mwanzo.

Adey halikuwa jina alilopewa na baba. Kwetu sisi hakuna anayeponyoka jina la utani: anayechechemea huitwa kwa mguu wake, mwenye masikio makubwa huitwa kwa masikio, na wote huitika bila kinyongo. Dada yangu alizaliwa ngozi yake haina rangi, hali ambayo siku hizi tunaiita ualbino, basi akaitwa Adey, yaani mweupe. Alinizidi miaka mitatu. Alikuwa na ulimi mkali na moyo mlaini, na mbuzi wetu walimfuata yeye kuliko walivyomfuata beberu wao.

Jua lilimchoma tangu utotoni, kwa hiyo nyumba nzima ilijipanga kwa ajili yake. Alfajiri ilikuwa yake. Baada tu ya swala alitoka na mbuzi, na jua lilipoanza kuwa kali alikuwa keshawarudisha. Mchana alikaa kivulini akisuka mikeka, na baada ya alasiri akatoka tena. Mimi nililala nikimsikia akiondoka huku akiwaimbia wale mbuzi wake, wimbo usio na maneno, wa puani tu. Ningetoa chochote nilicho nacho niusikie tena asubuhi moja.

Kisha vikaja vita vya shifta, yaani waasi wa porini waliopigana na serikali. Tukakusanywa vijijini chini ya ulinzi, chetu kikiwa mwendo wa siku nzima kutoka Garissa, na amri ikatolewa: hakuna kutoka na mifugo kabla jua halijapanda, na kabla halijashuka wote wawe wamerudi. Kijana wa kiume aliyeonekana porini alihesabiwa shifta, na risasi haikumwuliza jina. Baba alikwisha fariki, mama alikuwa anaumwa kiuno. Basi aliyekwenda malishoni ni Adey. Saa zake mbili, alfajiri na jioni, zikawa zimepigwa marufuku, akabakiwa na ile saa aliyoikimbia maisha yake yote. Mimi nilibaki kijijini, mzima, nikicheza bao na wenzangu. Niliogopa, mwanangu. Nasema wazi kwamba niliogopa.

Baada ya misimu miwili ya jua lile, kikatokea kitu karibu na sikio lake la kushoto. Kilikuwa kidogo, kikavu, chenye magamba. Kwa macho hukioni vizuri. Ukikipapasa ndipo kidole kinakujulisha, maana kinakwaruza. Alikibandua, kikarudi. Akakibandua tena, kikarudi. Hakikumwuma, na kwa sababu hakikumwuma tulikidharau.

Mama ndiye aliyesisitiza. Kila nyumba ilipewa kibali kimoja cha safari kwa mwezi, na mwezi ule chetu kilitupeleka hospitali. Huko tulimkuta dresa mmoja mzee, mhudumu wa kutibu na kufunga vidonda, Mpokomo wa huko mtoni, mwenye miwani iliyofungwa uzi. Kiswahili changu cha siku zile kilikuwa cha sokoni, na pele kwangu ilikuwa "bele".

"Babu," nikamwambia, "dada yangu iko na bele hapa. Natoka, narudi, natoka, narudi."

Alikipapasa kwa muda mrefu, macho ameyafumba. Kisha akatueleza polepole, kama mtu anayejua kwamba maneno yake yatasafiri mbali.

"Hii bado si saratani. Ni ngozi iliyochoshwa na jua, imeanza kubadilika. Nyingine hukaa hivi hivi, nyingine hugeuka, na hakuna ajuaye ni ipi. Ndiyo maana tunaiondoa ingali ndogo. Daktari wa kupasua anakuja mwezi ujao. Atamtia ganzi, ataikwangua, atafunga bandeji, na siku hiyo hiyo mnarudi kwenu." Akanitazama juu ya miwani. "Wewe kijana, mlete. Na msimchome moto. Nawajua nyinyi na moto wenu."

Alitujua kweli. Kwetu maumivu ya tumbo ni moto, ya kichwa ni moto, ini likivimba ni moto. Hata mimi ninalo kovu la chuma tumboni, nilichomwa nikiwa mtoto. Tuliporudi, abti yetu, kaka yake mama, alikuwa ameshaweka chuma chake kwenye makaa. Alisema anamwonea huruma mtoto wa dada yake kusubiri mwezi mzima. Mimi niliyesikia maneno ya dresa kwa masikio yangu sikufungua mdomo. Kumpinga abti mbele ya watu lilikuwa jambo zito, nami nikajiambia labda mzee yule wa hospitali hajui dawa zetu. Chuma kilipomgusa, Adey aliuma shuka wala hakupiga kelele.

Ndani ya wiki tatu kidonda kikafunga. Kikawa kovu laini, linang'aa, magamba hakuna. Tukamshukuru Mungu, tukamsifu abti.

Hapo ndipo kibali cha mwezi uliofuata kilipotoka, na siku hiyo hiyo ikaja habari kwamba ngamia wetu Barwako, aliyepotea tulipohamishwa, ameonekana Balambala kwa jamaa zetu. Ngamia huyo ndiye aliyekuwa amebaki katika mali ya baba. Chifu alikubali kubadili safari ikiwa sisi wenyewe tutakubaliana.

Basi ndiyo asubuhi ile niliyokuambia. Adey akanitazama kwa yale macho yake yaliyokuwa yakicheza kwenye mwanga, akacheka.

"Unaogopa kuniuliza, walaal, ndugu yangu? Jeraha la sikioni limefunga. Nenda umlete Barwako kabla hao watu hawajamzoea."

"Na dresa alisema..."

"Dresa hakuliona lilivyo sasa. Nenda. Ukirudi bila yeye usipite hapa."

Nikaenda. Ngamia nilimpata, mwanangu. Niliingia naye kijijini mchana wanawake wakipiga vigelegele, na aliyepiga kwa nguvu kuliko wote ni Adey.

Mwezi uliofuata barabara ilifungwa kwa mapigano, vibali vikasimamishwa. Adey akaendelea kutoka na mbuzi katika jua lile lile. Lile kovu likaanza kunyanyuka upande mmoja, likapasuka, likatoa damu, na safari hii halikufunga. Tulipofika tena Garissa ilikuwa imepita miezi saba. Yule dresa alipapasa sikio, kisha akashuka taratibu hadi shingoni, mkono wake ukasimama penye uvimbe. Alinitoa nje.

"Moto ulifunga juu," alisema. "Chini kazi iliendelea, sasa ni saratani na imefika shingoni. Nilikuomba umlete kingali kitu cha kukwangua. Nani alikuambia kwamba kikifunga kimepona?"

Hakupaza sauti. Afadhali angenipiga.

Adey alifariki kabla ya mvua za masika. Barwako alizaa mara mbili baada yake, na watu waliniuliza kwa nini sinywi maziwa yake. Dada yangu sijamkosa kwa siku moja au kwa mwaka mmoja. Ninamkosa kila adhana ya alfajiri, nikitega sikio nisikie mbuzi wakitoka, na hakuna kitu.

Mwezi uliopita mjukuu wangu Ifrah, mwalimu hapa mjini, naye ana ualbino, aliniambia kuna kitu kinamkwaruza juu ya nyusi. "Kimebanduka chenyewe, awowe," akasema. "Nina mitihani ya kusahihisha. Nitakwenda mwezi ujao." Nilichukua fimbo yangu, nikaenda hadi mlangoni mwa darasa lake, nikasimama pale mbele ya wanafunzi hadi alipoona aibu akanifuata. Kliniki wakampulizia dawa ya baridi kali, dakika chache tu. Palivimba, pakafanya ganda, ganda likaanguka. Wamemwambia arudi wamkague. Alipotoka alinikuta nimeketi kwenye benchi nalia, akadhani naumwa. Nilikuwa nawaza kwamba Adey angeondolewa kitu kile kwa adhuhuri moja, na leo angekuwa bibi mwenye ulimi mkali, ananicheka meno yaliyonitoka.

Kwa hiyo nisikilize. Ikiwa nyumbani kwako yuko mwenye ngozi isiyo na rangi, mpe alfajiri na jioni, na saa za kati mpe kofia pana, mikono mirefu na mafuta ya kukinga jua, wala usimfanye aone anakusumbua. Mpapase uso, midomo, masikio na mikono, maana kidole huona mapema kuliko jicho. Kikitokea kitu kikavu kinachobanduka na kurudi, usingoje kimwume, kwani wakati wa kukitibu ni huo ambao hakimwumi. Usikichome, usikifunike kwa majani. Na wewe mwenye ngozi nyeusi kama mimi usijione umesalimika: kovu la moto la zamani likianza kutoa kidonda kisichopona, nenda likatazamwe. Usimpinge mkubwa kwa matusi, lakini mpinge. Mimi nilinyamaza kwa adabu, na adabu yangu ikamzika dada yangu.

Leo hakuna wa kukuomba kibali njiani. Mkamate mtu wako mkono mwende leo.

Mola akulinde wewe na ngozi yako na ya wanao, akupe mwenye kukupapasa uso kwa huruma, akujalie uzee wenye meno zaidi ya haya yangu. Na Adey amrehemu, amlipe alfajiri zote alizonyang'anywa. Amin.