Ng'ombe Aliyenenepeshwa na Erica

Erica alijifunzia kazi katika studio ya picha za pasipoti hapa Dodoma mjini, na humo aliambiwa kila siku kwamba karatasi haiachwi na nafasi tupu. Mwaka jana akaacha picha, akaanza kuhariri video za mafunzo. Kamera naishika mimi. Tuko wawili tu, na mwenye akili ni yeye, ingawa sipendi kumwambia.

Kazi yetu kubwa ya kwanza ilitoka kwa Daktari Gaudence, mtaalamu wa mifugo, aliyekuwa na mada kumi za kuwafundisha wafugaji. Tulirekodi ya kwanza: namna ya kumtazama ng'ombe ukajua mapema kwamba kiangazi kimeanza kumla, umuuze kabla hajabaki ngozi na mifupa. Wafugaji wa Chemba wakiikubali, alisema, tisa zilizobaki ni zetu. Wasipoikubali, Erica angerudi kukata picha za pasipoti, na alilijua hilo.

Tatizo lilikuwa slaidi. Daktari alizitengeneza zamani, umbo lake linakaribia mraba, na video za siku hizi ni pana. Ukiiweka slaidi kama ilivyo, kila upande linabaki pengo jeusi. Erica hakuweza kuyavumilia mapengo yale. Akazivuta slaidi kulia na kushoto mpaka kioo kikajaa. Maandishi yalisomeka vizuri, tukapongezana kwa soda.

Tukaenda Chemba na projekta, tukatundika shuka ukutani katika ofisi ya kijiji. Ilipofika picha ya ng'ombe aliyekonda, watu wakaanza kutazamana. Mzee Yotham, mfugaji ambaye wenzake humsikiliza mnadani, akauliza kwa upole:

"Daktari, huyu ndiye amekonda? Mbona huyu tungemchinja kwenye harusi."

Wakacheka, kisha mmoja mmoja wakaondoka kwenda kunywesha mifugo. Daktari alifunga begi lake. Niliumia sana siku ile.

Tuliporudi mjini, Erica akafungua slaidi ya asili, akaiweka kando ya video yetu. Ng'ombe ni yule yule. Kwenye slaidi mbavu zimemtoka. Kwenye video ana tumbo pana na mgongo wa kukalia.

"Nimemnenepesha mimi," akasema.

Nikamshauri tuseme projekta ilikuwa mbovu. Nani angejua? Alinitazama mpaka nikaona aibu, na aibu ile ninayo hadi leo.

"Mficha uchi hazai," akaniambia, akampigia Daktari simu.

"Shikamoo, Daktari."

"Marahaba."

"Picha yako haina kosa. Niliivuta mimi ili kioo kijae. Naomba siku mbili, halafu turudi Chemba."

"Siku mbili," akajibu.

Safari hii Erica aliirudishia slaidi umbo lake, akaisogeza kushoto, na katika nafasi iliyobaki kulia akamweka Daktari mwenyewe, akieleza kwa mikono. Nyuma yao akaweka rangi ya udongo. Hakulala vizuri, na mimi pia.

Chemba walikuja wachache. Erica alisimama mbele yao, akaeleza kosa lake, akawasha video. Ng'ombe alipotokea hakuna aliyecheka. Mzee Yotham alisogea mpaka kwenye shuka, akapitisha kidole juu ya mbavu, moja baada ya nyingine. Kisha akamgeukia mkewe.

"Anyesi, yule jike wetu mwekundu yuko hivi."

"Nilikuambia tangu mwezi jana."

"Basi mnada ujao tumpeleke."

Daktari akamnong'oneza Erica kwamba Jumatatu wanarekodi mada ya pili. Erica aliitikia kwa kichwa, akanyoosha mkono kuzima projekta.

"Usizime, mwanangu," Mzee Yotham akasema, akiwa tayari mlangoni. "Nakwenda kuwaita wale niliocheka nao."