Mtamba Aliyeahidiwa Kasyoka

Ukivuka ule mto wa mchanga ulio chini ya soko la Kalamba, boma la kwanza kupandia mlima ni la Syokau. Asubuhi utamsikia kabla hujamwona: panga linakatakata majani ya nepia juu ya gogo, na katikati ya mapigo anaongea na ng'ombe. Anampa habari zote. Nani anaumwa, nani ameposwa, ndengu zimefikia wapi shambani. Mumewe Kivuva alikuwa na utani wake: "Huyu ng'ombe akipata mdomo siku moja, sisi sote tutahama."

Ng'ombe mwenyewe aliitwa Wendo, Freshia mweusi mwenye mabaka meupe, kiwele kama kibuyu kikubwa. Hakununuliwa. Aliletwa na kikundi cha akina mama wa kanisani, na masharti ya kikundi kila mtu aliyajua: ukipewa mtamba wa gredi, yaani wa kizungu wa maziwa, maziwa yake ni yako, ila ndama jike wa kwanza wa gredi atakayemzaa si wako. Unamlea mpaka aache kunyonya, unamfunga kamba mpya, unampeleka kwa mama anayefuata, mnaombewa nyote wawili. Aliyefuata baada ya Syokau ni Kasyoka, mjane wa ng'ambo ya mto.

Basi Wendo akazaa dume. Kasyoka akangoja. Wendo akazaa dume tena, na Kasyoka akasema tu, "Mungu hajasahau." Hakununa, hakusengenya. Afadhali angenuna, maana wanawake wengine walianza kusemea pembeni kwamba Syokau anakunywa maziwa miaka nenda rudi huku mwenzake anakunywa strungi, chai isiyo na maziwa.

Safari ya tatu kikundi kikaamua kutafuta ile mbegu ya kuchagua, inayoleta majike. Daktari wa mbegu, kijana mmoja anayeitwa Nzomo, angekuja nayo kwa pikipiki kutoka Emali, imehifadhiwa ndani ya mtungi wake wa baridi. Kilichobaki ni kuvizia siku ambayo Wendo ataingia joto, apigiwe simu mara moja, kwa sababu siku hiyo ikipita imepita.

Wiki ileile mama yake Syokau akazidiwa kule Kitui.

"Wewe nenda kamwangalie mama," Kivuva akamwambia. "Kwani mimi sijui ng'ombe anayetaka dume? Akianza kulialia tu, nampigia Nzomo."

"Usimwache afunguliwe, Baba Katunge. Nakuomba."

"Mama Katunge, nenda."

Akiwa Kitui, amekaa kando ya kitanda cha mama yake, simu ikalia. Kivuva alikuwa na sauti ya furaha. "Wendo amepandishwa. Kazi imekwisha." Syokau akamshukuru Mungu, akamshukuru na mume.

Nataka uielewe vizuri miezi iliyofuata, maana uchungu wenyewe uko hapo. Kasyoka alimpa ndama jina akiwa bado tumboni: Mueni, yaani mgeni. Na Kivuva alilipokea jina hilo kuliko mtu yeyote. Asubuhi anapita zizini, anampapasa Wendo ubavuni, anauliza, "Mueni ameamkaje?" Kasyoka alipotaka kujenga banda, ni Kivuva aliyevuka mto na jembe na sululu, akachimba mashimo, akasimamisha nguzo, akazishindilia mawe kwa mikono yake. Kasyoka alimchinjia jogoo. Kivuva akala, akalamba vidole, akamwambia, "Mama, Mueni hapa atalala kama mke wa chifu."

Wendo alizaa jua likiwa limeshapanda, Syokau akiwa peke yake bomani. Alivuta miguu ya mbele taratibu, ndama akadondoka juu ya nyasi kavu, na jambo la kwanza Syokau akamwinua mkia. Jike! Hakungoja hata mama mtu amlambe. Akachukua simu kwa mikono ile ile yenye ute.

"Kasyoka! Mueni amekuja! Ni mtamba!"

Kwenye simu alisikia vigelegele, kisha Kasyoka akilia.

Ndipo Wendo akamlamba ndama mpaka akakauka. Ndama akasimama, akayumba, akasimama tena. Alikuwa mweusi tii, hana baka hata moja. Chini ya shingo ngozi ilining'inia kama shuka. Na mabegani, pale ambapo ndama wa gredi huwa laini, palikuwa na kifundo. Syokau alikishika. Akakishika tena. Nundu.

Alimpigia Nzomo akamfokea kama mtoto wake. "Umeniwekea mbegu gani? Mimi nilikuambia Freshia, wewe umeniletea ng'ombe wa kichakani!"

"Mama," Nzomo akasema, "mimi sijafika kwako. Nilimpigia mzee mara tatu nikimuuliza. Akaniambia Wendo bado, halafu akaniambia mmebadilisha mipango."

Syokau alikata simu. Hakuhitaji kuuliza zaidi. Upande ule wote dume lenye ngozi ya shingo inayofika magotini ni moja tu, la Mwau, na Mwau ni rafiki wa Kivuva wa tangu utoto.

Kivuva aliporudi alimkuta mkewe amekaa juu ya gogo la kukatia nepia. Ndama alikuwa akinyonya. Akamtazama ndama, kisha akatafuta pa kuweka macho.

"Ulimpeleka mwenyewe, au Mwau ndiye aliyekuja kumchukua?" Syokau akauliza.

"Nilimpeleka." Akavua kofia. "Mama Katunge, sikiliza. Huyu Wendo anazeeka. Mtamba wa gredi akizaliwa anavuka mto, sisi tunabaki na nini? Lakini chotara kikundi hakimtaki. Chotara anabaki kwetu. Na kiangazi anakivumilia! Nililifikiria boma."

"Ulifikiria."

"Kwa ajili yako pia."

"Na nguzo za Kasyoka? Ulizichimbia nini?"

 Kivuva akainama, akaanza kuokota nyasi zilizodondoka kama mtu aliyeajiriwa.

Syokau hakupiga kelele. Alimwacha ndama anyonye dang'a, yale maziwa mazito ya kwanza, mpaka maziwa yakawa maziwa. Siku zote hizo hakumweleza Wendo habari yoyote wakati wa kukama, na Kivuva aliusikia ukimya huo mpaka kule shambani. Kisha asubuhi moja akatoa kamba mpya, ile aliyokuwa amemnunulia Mueni, akaifunga shingoni mwa Wendo mwenyewe.

Kivuva alikimbilia langoni. "Unampeleka wapi?"

"Kwa mwenye zamu."

"Wazimu huo! Na ndama je?"

"Ulitaka ndama abaki," Syokau akasema. "Amebaki."

Kasyoka alikataa kuishika kamba. "Mimi niliahidiwa mtamba, dada, siwezi kukunyang'anya mama mtu. Watoto wako watakunywa nini?"

"Strungi. Kwani wewe ulikufa?" Wakacheka kidogo, kicheko ambacho hakikufika mbali. Ndipo Syokau akamweleza yote, la Mwau na la simu, bila kumfunika mumewe. Kasyoka aligeuka akaziangalia zile nguzo zilizosimama wima kama askari.

"Na nilimchinjia jogoo," akasema.

Kikundi kilikubali Wendo awe wa Kasyoka, kikamsifu Syokau kanisani. Sifa hizo hakujua pa kuziweka.

Ndama alikuwa bado anataka maziwa. Kwa hiyo kila asubuhi Kivuva akachukua kidumu, akavuka mto wa mchanga kwenda kuomba kwa Kasyoka, na njia hiyo inapita mlangoni kwa Mwau.

"Kivuva!" Mwau angeita kutoka kwenye kiti chake. "Siku hizi unakamua ng'ombe wa watu?"

"Nyamaza, dume lako ndilo limenileta hapa."

"Dume langu lilikuja kwako, au wewe ulikuja kwake?"

Kasyoka alimpa maziwa kila siku, alijaza kidumu. Chai hakumkaribisha.

Ndama alikua. Ni ng'ombe mzuri, sitasema uongo. Kiangazi kilipokuja hakukonda. Kivuva anamsifu sana mbele ya mkewe, naye Syokau anaitikia, anapika, anamwekea maji ya kuoga. Lakini jioni Kivuva anapoingia na kusema amefunga lango la zizi, Syokau huweka mwiko chini, hujifunga leso, hutoka kwenda kuangalia mwenyewe.