Pazia Lisilokatwa

Dada yangu mkubwa alikufa akiwa amemaliza kuchora pazia la harusi yake, na kwa muda mrefu baada ya hapo hakuna mtu nyumbani kwetu aliyethubutu kulitia mkasi.

Nieleze kwanza darizi yenyewe, maana huku Unguja nilikoolewa watu hudarizi kofia na foronya lakini ile ya kwetu kisiwani Nosy Be hawana. Kwetu mwanamke huchukua kitambaa cheupe, akachora maua na majani kwa kijiti kilichochovywa katika buluu ya kufulia, akaufuata mchoro kwa bandi nyembamba, ule mshono wa kushikiza tu, kisha akaurudia kila mstari kwa ukingo mnene wa uzi. Mwisho kabisa ndipo hushika mkasi akakata nafasi zilizo baina, zikabaki matundu. Kitambaa kilichosalia ndicho jani, kilichoondoka ndicho hewa. Mkasi huja mwisho kwa sababu haurudi nyuma. Ukikata jani ukidhani ni hewa, umeiua kazi ya miezi kwa pumzi moja.

Kwa hiyo mchoraji huweka alama kila panapotakiwa kukatwa. Zoky aliweka vistari viwili vilivyopishana, vidogo kama miguu ya mbu, kwa buluu ile ile. Zoky ni mkubwa wako kwa Kimalagasi, na ndivyo nilivyomwita dada yangu huyo, kama watoto wote wa mtaa wetu. Nyumbani tulisema Kingazija na mama, Kimalagasi na majirani, na Kifaransa na yeyote mwenye muhuri. Kiswahili hiki nimekipata ukubwani.

Zoky alichora, akapiga bandi pazia zima, na ukingo ukabaki kuwa kazi ya mama. Ndivyo walivyokubaliana. Nilikuwa nikikaa naye kwenye mkeka, yeye kushoto kwangu sikuzote, nikimchezea nyuzi na kumuuliza maswali ya kuchosha. Nilimuuliza anajuaje pa kuanzia. Akaniambia, "Lipe jicho kwanza pa kukanyaga, ndipo ulipe pa kurukia." Maana yake jani kwanza, tundu baadaye, kisha jani tena, hivyo hivyo mpaka mwisho. Nilimcheka nikasema jicho halina miguu. Akanifinya.

Homa ilimchukua wakati wa mvua, harusi ikiwa imekaribia hata sukari imeshanunuliwa. Khitma ilipokwisha, wanawake wa mtaani walikuja kufua nguo zake, kwa kuwa nguo za maiti kwetu hufuliwa zikatolewa sadaka. Walikuja kwa mapenzi, na walifua kama watu wanaofua kwa mapenzi: kila kilichokuwemo kapuni mwake, kwa sabuni na kwa nguvu. Pazia lilikuwa chini kabisa ya kapu. Lilipoanikwa, bandi zote zilikuwepo, nyeupe juu ya nyeupe, lakini buluu ilikuwa imekwenda na alama zote pamoja nayo. Maji yalikuwa na rangi kidogo ndani ya karai. Jirani mmoja aliyamwaga chini ya mndimu, nami nilisimama nikitazama ardhi ikiyanywa. Hakuna aliyekosa. Ndiyo maana jambo hilo lilikuwa gumu kubeba, kwa sababu hapakuwa na mtu wa kumkasirikia.

Mama alilianua bichi. Akalitandaza mapajani, akapitisha kidole kwenye mstari mmoja, akauliza, "Hili ni jani au ni tundu?" Hakuwa akimuuliza mtu. Majani yote yalikuwa na umbo moja na matundu yalikuwa na umbo lile lile, kwa kuwa Zoky alipenda kumtega mtazamaji. Lingeweza kuwa hivi, lingeweza kuwa vile. Mama alisema, "Nikikosea nitakuwa nimemkata mwanangu." Akalikunja, akalifungia sandukuni.

Tangu siku hiyo hakushika sindano tena, wala hakulitaja jina la Zoky. Na mimi akaacha kuniita kwa jina langu. Nikawa "wewe". Wewe leta maji, wewe funga dirisha. Mwanamke aliyedarizi maisha yake yote alikaa ameweka mikono juu ya magoti, kama mgeni nyumbani mwake mwenyewe. Jambo hilo liliniogopesha kuliko jeneza.

Kulikuwa na alasiri ambazo nilisikia mkasi. Mkasi wa Zoky ulikuwa mkuukuu, ulilia kila ulipofunga mdomo, na nyumba yetu ilikuwa kimya kiasi kwamba sikuweza kudanganyika ni kitu kingine. Nilikuwa nikiinua kichwa, na mama akiinua chake wakati ule ule. Tulitazamana, kisha kila mmoja akarudi kwenye kimya chake. Harufu ya langilangi kutoka kwenye mitambo ya manukato iliingia dirishani, na mpaka leo siipendi.

Mama mdogo alipojifungua mjini Mahajanga, niliambiwa niende nikamsaidie. Kabla ya safari nilimwomba mama ufunguo wa sanduku. Nilitandaza juu ya pazia karatasi za sukari nilizozibandika pamoja kwa uji, nikasugua kwa mkaa mpaka bandi zikatokea zote, tawi zima na majani yake. Mama alinitazama muda wote. Nilipokuwa nakunja karatasi alisema, "Atakayejua pa kukata, aje aniambie." Nikapanda meli ya pwani na furushi la nguo na karatasi ile, na tayari nilijua kwamba mtoto mchanga wa mama mdogo hakuwa ndiye aliyenipeleka Mahajanga.

Ilikuwa miaka ile ya mwanzo ya uhuru, kila kitu kikiwa kipya au kimepakwa rangi kionekane kipya. Karibu na kwa mama mdogo palikuwa na darasa la kuchora la wasichana, alasiri baada ya alasiri, chini ya mama mmoja kutoka nyanda za juu aliyesomea sanaa Ufaransa. Tulimwita Madamu. Alikuwa mwembamba, mwenye kikohozi, asiyesifu mtu. Kuuliza si ujinga, wanasema, lakini Madamu aliweza kukufanya ujione mjinga kabla hujamaliza kuuliza.

Somo la kwanza alitundika ukutani bendera mpya ya nchi. Tulinyoosha migongo tukidhani ni wimbo wa taifa. Yeye akauliza kwa nini ile nyeupe haizidiwi na nyekundu na kijani, na zenyewe ni mbili dhidi ya moja. Akasema nyeupe imesimama, hizo nyingine zimelala, na kilichosimama pembeni peke yake kina uzito wa kushika waliolala. Siku hiyo nilianza kuelewa kwamba uzito wa kitu katika picha hauko kwenye ukubwa wake. Uko mahali kilipowekwa.

Alitundika pia lamba, nguo yetu ya kujifunga, akatufundisha pindo na kati, ile ambayo huku Unguja huitwa mji wa kanga. Alitupeleka ufukoni tuchore ng'ambo ya ghuba, upande wa Katsepy. Sote tulipitisha mstari wa maji katikati ya karatasi, tukijiona wajuzi. Akapita nyuma yetu akikohoa. "Mmegawa nusu kwa nusu," alisema. "Mbingu haitaki, bahari haitaki, na jicho limebaki halijui limtembelee nani." Tukafuta.

Lakini somo lililonishika lilikuwa la karatasi nyeusi. Alitugawia karatasi nyeusi na mkasi, tukate maumbo tuyapange juu ya nyeupe. Tulipanga. Kisha akasema, "Sasa acheni kutazama nyeusi. Nionyesheni nyeupe ina umbo gani." Wenzangu walicheka. Mimi niliweka mkasi chini, kwa sababu ndiyo kazi ya Zoky, imesemwa kwa Kifaransa na mwanamke ambaye hakuwahi kufika kwetu. Nafasi iliyo baina nayo huchorwa. Hewa nayo ina ukingo.

Nilifanya kazi nyingi darasani mwake, na zote zilikuwa na kasoro moja ambayo mimi sikuiona. Aliiona yeye. Siku moja alizipanga karatasi zangu juu ya meza, moja baada ya nyingine, akaweka kidole pembe ya chini kushoto ya kila moja. Pote palikuwa patupu. "Picha zako zinaegemea," alisema. "Hapa unamwachia nani?"

Nilisema hakuna mtu. Hakuondoa kidole. Nikatazama pembe zile tupu, na nikaona mkeka wetu, na mahali pa Zoky kushoto kwangu, pamebaki pamesafishwa kana kwamba atarudi kuketi. Sikujua kwamba mkono wangu ulikuwa ukimtengea nafasi kila siku. Nililia mbele ya darasa zima, na sikuona haya.

Alasiri ile nilimletea karatasi ya mkaa. Nilikuwa nimekwisha kuijaribu mwenyewe, peke yangu, mara nyingi. Nilifuata maneno ya Zoky: pa kukanyaga kwanza, kisha pa kurukia. Nilianzia kushoto, nikapaka weusi kila panapopaswa kuwa tundu, jani, tundu, jani, mpaka kulia. Na kila mara pazia lilikuja kiwete. Tundu kubwa kuliko yote liliangukia chini kwenye pindo, mahali ambapo pazia huburutwa na kushikwa, na vijani vyepesi vilijazana juu kama watu waliokimbia mafuriko. Zoky asingechora hivyo. Nilikuwa nimeanza kufikiri kwamba homa ilikuwa imeshamwingia alipokuwa anachora, na wazo hilo liliniumiza, kwamba hata mkono wake ulikufa kabla yake.

Madamu alisikiliza habari yote, ya buluu na karai na mndimu. Hakunipa pole. Aliniuliza, "Aliyechora hili alisoma shule gani?"

"Hakusoma shule, Madamu. Alisoma chuoni tu, Kurani."

"Na Kurani husomwa kutoka upande gani?"

Nilishika meza.

Mimi nilikuwa nimepelekwa shule ya Wafaransa, na jicho langu lilikwisha kufundishwa kuingia kila ukurasa kwa mlango wa kushoto. Zoky hakuwahi kuingia kwa mlango huo. Kila alichokisoma maishani kilianzia kulia. Na majani yale na matundu yale jumla yake ilikuwa shufwa, idadi igawanyikayo kwa mbili, kwa hiyo ukianzia upande usio wake, kila kimoja hugeuka: jani lake linakuwa hewa na hewa yake inakuwa jani. Nilikuwa nikimsoma dada yangu kinyume, kutoka mwanzo hadi mwisho, kisha nikasema ni mgonjwa.

Nilichukua karatasi mpya nikaanzia kulia. Tawi lilisimama. Jani kubwa lilikaa chini kwenye pindo likashika uzito wote, na matundu yakapanda juu yakiongezeka, ili mlango upitishe upepo. Jicho liliingia, likakanyaga, likaruka, likakanyaga, likatokea pembe ya juu kushoto bila kujikwaa. Niliusikia mkasi ukilia nyuma yangu. Niligeuka. Alikuwa Madamu, akikohoa.

Nilirudi nyumbani kwa barabara wakati wa kiangazi, mpaka bandari ya Ankify, na kutoka hapo kwa mashua. Mama alikuwa amekonda. Nilimtandazia karatasi sakafuni na pazia juu ya mkeka kando yake, na sikueleza chochote. Niliweka kidole chake kwenye pembe ya kulia, chini. Akaanza kukisogeza mwenyewe, polepole, midomo ikicheza kama anayesoma sura aliyoihifadhi utotoni. Nilimwogopa. Niliogopa atasema si hivyo. Alifika mwisho, akarudi mwanzo, akafika tena mwisho. Kisha akasema, "Wewe. Niletee sindano."

Ukingo ulimchukua kiangazi chote na sehemu ya mvua. Alishona akikaa mahali pake pa zamani, nami nikakaa kushoto, mahali pa Zoky palipokuwa patupu, kwa kuwa hapo sikumzibia mwanga wa dirisha. Sikupachagua kwa makusudi. Nilitambua siku kadhaa baadaye, nikataka kusogea, kisha nikabaki.

Siku ya kukata, mama alinawa mikono akasema bismillahi. Mkasi ulikuwa ule ule. Nilimwonyesha tundu la kwanza kwa ncha ya kidole, akakata, kipande cheupe kikamwangukia mapajani, na mkono wake ukaonekana upande wa pili. Tukaenda hivyo, kulia kwenda kushoto, mimi nikionyesha, yeye akikata, mkasi ukilia. Hatukuinua vichwa, maana safari hii tulijua ulikokuwa unalia.

Tulipofika tundu la mwisho, alisita. Akapapasa ukingo wake, hakuinua macho kutoka kwenye kitambaa, na akaita. Aliita jina la Zoky, wazi kabisa, kwa sauti ya kila siku, kama mtu anayemwita aliye karibu naye.

Chumbani tulikuwa wawili tu. Nilikuwa nimekaa mahali pake, na kidole changu kilikuwa juu ya mchoro wake.

"Labeka, mama," nikaitika.

"Nishikie hapa vizuri," alisema, "limebaki moja."