Hapana ya Min Atieno

Siku yangu ya kwanza kazini, Mratibu wa ofisi yetu pale Migori hakuniuliza jina. Aliniuliza kama najua kuhesabu mikono. Nikacheka, nikidhani ni mzaha.

"Madam, hapa kazi ni moja," alisema. "Serikali ikitaka kuleta sheria mpya, sisi tunatangulia kujua watu watakubali ama watakataa. Unaita baraza, unauliza swali, watu wanainua mikono, unaniletea pasenti. Kwisha."

Kwisha! Laiti ingekuwa hivyo. Nyinyi vijana mnaokusanya maoni kwa simu mkiwa mmeketi kivulini, hebu nisikilizeni kidogo. Sisi wa miaka ya tisini tuliyafuata maoni kwa miguu, na mara nyingi tuliyoyapata hayakuwa maoni.

Safari yangu ya kwanza ilikuwa Ntimaru. Palikuwa na pendekezo kwamba kila mfugaji apeleke ng'ombe wake kwenye josho kwa malipo. Mzee mmoja Mkuria alitukaribisha kwake, akatuchinjia kuku, akatuambia sheria ile ni nzuri mno na imechelewa kuja. Boma zote tulizopita zilisema vivyo hivyo. Nikarudi na pasenti ya kupendeza. Josho lilipofunguliwa, hakufika hata ndama. Nikamrudia yule mzee nikiwa nimefura kwa hasira.

"Mwalimu," akaniambia kwa upole, kwani kwake kila aliyebeba kalamu alikuwa mwalimu, "ulikuwa unakula kwangu. Ningekuambia hapana na nyama iko bado kwa mdomo?"

Hiyo tuliiita ndiyo ya adabu. Mgeni hajibiwi hapana, na afisa ni mgeni hata akija kila wiki. Mratibu hakutaka kusikia habari hiyo. Kwake yeye ndiyo ilikuwa ndiyo, iwe imetoka moyoni au imetoka kwenye sufuria.

Nilipohamishiwa Homa Bay nilipata mkuu mwingine, Afisa wa Utafiti, mama mkavu wa maneno lakini mwenye akili. Yeye ndiye aliyenifundisha swali la jirani. Humuulizi mtu yeye anaonaje. Unamuuliza jirani yake atafanya nini sheria ikija. Mtu huona haya kujisema, lakini jirani humsema bila shida. Nikalijaribu Rusinga, palipokuwa na pendekezo la kila boma kuchimba choo. Basi kila niliyemuuliza alikubali kwa moyo wote, isipokuwa jirani yake, "huyo hawezi kubali hata siku moja." Kisiwa kizima kilijaa watu wema waliozungukwa na majirani wakaidi! Nilichoka, lakini angalau nilijua ukweli uko wapi.

Nikarudishwa Migori, kwa Mratibu yule yule. Sasa lilikuja pendekezo la omena. Wanawake wa Muhuru Bay walikuwa wakiwaanika samaki hao wadogo juu ya nyavu kuukuu zilizotandazwa mchangani. Sheria ilitaka kila mmoja ajenge kichanja cha miti na waya, na asiye nacho aondoke ufukweni. Wazo lenyewe halikuwa baya, maana omena wenye mchanga huvunja meno. Lakini waya ulikuwa ghali, na hakuna aliyesema nani ataununua.

Baraza likaitwa kwa chifu asubuhi, saa ambazo wanawake wote wako ufukweni wakigeuza omena. Waliokuja ni wanaume, watu ambao hawajawahi kuanika hata samaki mmoja. Chifu akawakazia macho, mikono yote ikapanda. Hasira niliyokuwa nayo sina maneno yake.

Nikateremka ufukweni mwenyewe. Wengi walinijibu kupitia majirani. Mmoja tu, mjane aliyeitwa Min Atieno, yaani mama yake Atieno, alinijibu kwa kinywa chake bila kuacha kugeuza samaki, akiniita binti wa Karachuonyo, kwetu nilikozaliwa.

"Nyar Karachuonyo, mimi nitasema tu. Hapana. Waya sina, na hii omena ndio inalisha watoto. Wakinitoa hapa naenda wapi? Andika hivyo, na jina yangu weka."

Nikaandika. Nilieleza kwamba waliokubali ni wale wasioguswa, na wanaoguswa wamekataa. Mratibu aliisoma ripoti huku akijikuna shingo.

"Sasa hii hapana nitaipeleka wapi? Wakubwa washatangaza watu wa ziwa wako nyuma yao."

"Ipeleke kwa hao hao waliotutuma tuulize."

"Madam, walisema tuulize. Hawakusema wanataka kujua."

Nilipiga meza, nikapaza sauti mpaka karani akaja kuchungulia. Haikusaidia kitu. Ripoti iliondoka ikisema wananchi wanaunga mkono. Baadaye askari wakaja, wakazikusanya nyavu za mchangani, na Min Atieno akapoteza mahali pake. Akawa mbeba karai kwenye kichanja cha mwanamke mwingine.

Sasa nimestaafu, nalima mihogo yangu. Vijana wa ofisi hunitembelea wakiniuliza mbinu ipi ni bora ya kupima maoni. Huwaeleza yote, sampuli, swali la jirani, saa nzuri ya kuita baraza. Mbinu tulikuwa nazo tele. Kisha huwaambia wakiogope kijiji kinachokubali haraka, na huona usoni mwao kwamba hawanielewi.

Ni kwa sababu hawakuwa nami safari yangu ya mwisho. Nilitumwa tena Muhuru Bay, safari hii kuhusu ada mpya ya soko. Nilimkuta Min Atieno amekaa mbele na karai lake. Sijafika katikati ya swali, mkono wake ukawa juu.

"Min Atieno, sijamaliza kuuliza."

"Maliza tu, nyaminwa, dada yangu. Ile siku nilikupatia hapana yangu na jina juu yake. Ilifanya nini? Leo andika ndiyo, nirudi kwa kazi ya watu."

Wenzake wakamtazama, nao wakainua mikono. Hakukuwa na mkono hata mmoja uliobaki chini, kwa hiyo ripoti yangu ya mwisho ilisema Muhuru Bay imekubali kwa kauli moja. Mratibu aliisoma, akanipa mkono, akasema hatimaye nimeijua kazi.