Hesabu ya Matairi Siku ya Mahari

Jamani, ngoja nijicheke kwanza. Tulikuwa tunapeleka kule Malampaka ng'ombe wa kumalizia mahari ya mdogo wangu Masanja. Yeye aliomba pikapu iende safari mbili, asije akaaibika ukweni. Mimi, msomi wa masomo ya jioni, nikasoma uzito ambao tairi moja linaweza kubeba, ulioandikwa ubavuni mwake, nikazidisha kwa nne, nikatangaza, "Pandisheni wote, hata tembo anaenea!"

Mbele ya mji wa wakwe, tairi likapasuka kwa mlio wa kuamsha mkoa mzima. Ng'ombe wakaruka, wakaingia ukweni kabla yetu. Baba wa binti akatoka, nami nikamweleza hesabu yangu kwa madaha.

"Sawa, kijana wangu," akasema, wageni wote wakisikia. "Na pikapu yenyewe ilibebwa na nani?"