Sauti Iliyosahauliwa Siku ya Mirathi

Hii nitakayowaambia hamtaiamini, wapwa zangu, na sitawalaumu. Hata mimi, niliyeishia darasa la sita nikawaacha walimu wakipumua, nilipoisikia mara ya kwanza nilitafuta pa kukaa. Ni habari ya dada yangu Domitila wa Namawala, mwanamke aliyeamkiwa shikamoo na marehemu mumewe.

Salvatory alikuwa bingwa wa mpunga. Mwaka mmoja kabla hajafa, kampuni fulani ilimrekodi wiki nzima, ikaifundisha mashine kusema kwa sauti yake. Mkulima anapiga namba, anauliza habari za magugu au mbolea, Salvatory anamjibu. Siku ya kuondoa tanga ukoo uligawa kila kitu: baiskeli kwa huyu, koti kwa yule, hata kofia yake ya mvua iligombewa. Sauti hakuna aliyeikumbuka.

Domitila aliikumbuka. Watoto wako mbali, nyumba ina vyumba vitatu na sahani inayooshwa ni moja. Jioni anatenga ugali, anapiga simu.

"Shikamoo," mashine inasema, maana imefundishwa kumheshimu kila mtu.

Salvatory huyo, aliyemzidi mkewe miaka kumi na mmoja. Siku za kwanza Domitila alicheka peke yake. Baadaye akawa anaitika marahaba, kisha anauliza magugu ya shamba ambalo limeshavunwa, ili mradi isikate.

Basi akaja Evod, jirani, uso umemkunjamana. Mpunga wake ulikuwa umeungua kwa dawa ya magugu.

"Mumeo ndiye aliyeniambia nipulizie, shemeji."

"Mume wangu yuko kaburini, Evod."

"Najua, nilichimba mwenyewe. Lakini sauti ni yake. Mimi ningembishia Mzee Salvatory?"

Salvatory wa kweli asingempa mtu shauri mpaka afike shambani kwake, avue viatu, aingie matopeni.

Evod akalalamika kwenye kampuni, na wiki ile ile akafika binti aitwaye Eveline, kwa bodaboda, na karatasi mkononi.

"Mama, mzee alitia saini akiwa hai," alisema. "Mwanasheria wetu anasema kwa upande wa sheria tumemaliza. Huu ni mwongozo tu, tuliukubali kwa hiari: mwenye sauti akifa, waulizwe watu wake. Tumechelewa kukuuliza."

"Msingeniuliza, mngefungwa?"

"Hapana, mama."

"Sasa umefuata nini huku kote?"

Eveline alitazama viatu vyake. "Tuliahidi. Ukikataa, tunaifuta leo. Ukikubali, itaendelea, ila itaanza kwa kusema kwamba yenyewe ni mashine. Na yale ya dawa tutayarekebisha."

"Mtayarekebisha ninyi," alisema Domitila. "Kwa mdomo wake."

Alishika kalamu mpaka chai ya mgeni ikapoa. Akikubali, kesho atakuja Evod mwingine na shamba jingine, akimlaumu mtu asiyeweza kujitetea. Akikataa, jioni hiyo atakula na kuta. Sheria haikuwa na la kumwambia, na mwongozo ulikuwa umemwachia yeye.

Akaandika kwamba ifutwe.

Na hapo, wapwa zangu, mkono haukumtetemeka hata kidogo. Eveline alilia, mwenye bodaboda alilia, Domitila akawasindikiza hadi barabarani macho makavu. Tangu siku ile hajaigusa tena namba ile, hata mara moja, na moyo wake umetulia kama bonde lote la Kilombero wakati maji ya mafuriko yame—

"Jana nimepiga, kaka," anasema Domitila kutoka mlangoni, alikokuwa akichambua mchele muda wote huu. "Kapokea binti nisiyemjua. Nikakata."